Gurudumu linalozunguka kichwani

Swali la msomaji:

"Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 14. Amebandika ukutani maneno ya Einstein kwamba kubuni ni muhimu kuliko maarifa, na tangu siku hiyo hagusi kitabu. Usiku kucha anachora mashine. Ya sasa ni gurudumu lenye gololi ndani yake ambalo anasema litazunguka milele bila mafuta wala umeme. Kinachonitia hofu ni kwamba huenda yuko sahihi. Mimi nimesoma miaka yote, mitihani nafaulu, lakini nikiambiwa nibuni kitu changu mwenyewe kichwa kinakuwa kitupu. Je, kusoma kumeniua ubunifu? Na kati ya kubuni na kujua, kipi humzaa mwenzake?"

Jibu:

Marahaba. Nianze na yale ya ukutani, maana ndiyo mepesi kuliko mengine.

Maneno hayo ni ya Einstein kweli. Yako mengi yanayotembea na jina lake ambayo hakuyasema, lakini haya aliyasema katika mahojiano na mwandishi George Sylvester Viereck, yakachapwa katika jarida la Saturday Evening Post la Marekani mwezi Oktoba 1929. Kilichopotea njiani ni mazungumzo yaliyoyazaa. Einstein alikuwa akisimulia alivyokuwa na uhakika na nadharia yake ya mvutano hata kabla wanajimu hawajaipima wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919. Viereck akamuuliza: kwa hiyo unategemea kubuni kuliko kujua? Ndipo akajibu kwamba ndiyo, maarifa yana mpaka, ilhali kubuni huizunguka dunia. Aliyejibu hivyo alikuwa mtu wa miaka 50 aliyekula na kulala na fizikia tangu utotoni. Maarifa kwake yalikuwa kama sakafu chini ya miguu. Mtu hasimulii sakafu anayoikanyaga.

Afadhali mdogo wako angebandika kisa kizima, maana kisa ni kizuri kuliko msemo. Mwaka 1907 Einstein alikuwa mtumishi wa ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern. Siku moja, akiwa kitini pake kazini, likamjia wazo kwamba mtu anayeanguka kutoka juu ya paa, kwa muda ule yumo hewani, hausikii uzito wake mwenyewe. Hakupima chochote, hakuna aliyeanguka. Aliiona tu picha hiyo akilini, akatambua kwamba imebeba siri ya mvutano, ile nguvu inayoangusha vitu chini. Baadaye aliliita wazo la furaha kuliko yote aliyopata maishani. Ukiishia hapo, mdogo wako ameshinda.

Lakini kutoka picha ile hadi nadharia iliyokamilika, Novemba 1915, ilipita miaka minane. Katikati yake alikwama vibaya, kwa sababu hakuwa na hesabu za kuielezea nafasi iliyopinda, ambayo nadharia yake iliihitaji. Mwaka 1912, aliporudi Zürich, alimwendea Marcel Grossmann, rafiki aliyesoma naye ambaye sasa alikuwa profesa wa hisabati, akamwomba msaada. Grossmann ndiye aliyemwelekeza kwenye jiometri ambayo Bernhard Riemann aliifungulia njia katika mhadhara wake wa mwaka 1854, zaidi ya nusu karne kabla. Mwaka huohuo wa 1912 Einstein alimwandikia mwanafizikia mwenzake Sommerfeld akikiri kwamba sasa anaiheshimu sana hisabati, na kwamba zile sehemu zake za ndani, kwa ujinga wake, alikuwa akizihesabu kuwa anasa. Mwaka uliofuata yeye na Grossmann wakachapisha milinganyo, nayo ikawa na kasoro. Akaing'ang'ania, akaiacha, akairudia. Picha ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa haikumwambia kama milinganyo ile ni sahihi au la. Ilimwambia tu pa kutafuta.

Hapo lipo jambo ninalotaka ulishike, na yote yatakayofuata yanalizunguka hilo. Kubuni ni uwezo wa akili kuyachukua yale inayoyajua na kuyapeleka mahali ambapo jicho halijafika. Bila ya kujua hakuna cha kupeleka. Bila ya kubuni, ulichokijua kinabaki palepale ulipokikuta.

Kwamba hakuna cha kupeleka bila ya kujua si maneno ya majukwaani tu. Mwaka 2007 watafiti wa London walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa watano walioharibika hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayohudumia kumbukumbu. Ilishajulikana kwamba watu wa namna hiyo hushindwa kukumbuka ya jana. Watafiti hawakuwauliza ya jana. Waliwaomba wabuni: jione umelala kwenye mchanga mweupe ufukweni, sema unachokiona. Wenye afya walieleza mahali kamili, mawimbi upande huu, miti upande ule. Wengi wa wagonjwa walitoa vipande tu visivyoshikana. Walijua ufuo ni nini, na neno walikuwa nalo, ila mahali penyewe hapakujengeka akilini. Uwezo unaotuwezesha kuyarudia yaliyopita unaonekana kuwa ndio huohuo, kwa sehemu kubwa, unaotuwezesha kuyajenga yasiyokuwepo. Kumbukumbu inabomolewa na matofali yake yanajengewa nyumba mpya. Kwa hiyo hofu yako kwamba vitu ulivyoviweka kichwani vimechukua nafasi ya ubunifu naiona haina msingi. Vitu hivyo ndivyo matofali.

Sasa nikusimulie habari za mtu mmoja aliyebuni sayari mbili. Kwangu mimi, katika historia yote ya sayansi, hakuna kisa kinachoonyesha nguvu na udhaifu wa kubuni kwa uwazi kama hiki.

Urbain Le Verrier alikuwa mnajimu Mfaransa. Wakati wake sayari ya Uranusi, iliyogunduliwa mwaka 1781, ilikuwa ikiwasumbua wapiga hesabu kwa sababu haikufuata njia ambayo sheria za mvutano za Newton ziliipangia. Kulikuwa na mambo mawili ya kuchagua: ama Newton amekosea, ama kuna kitu kisichoonekana kinachoivuta Uranusi. Le Verrier alibuni kitu hicho. Alijiuliza: kama kuna sayari nyingine nje zaidi, lazima iwe wapi ili Uranusi iyumbe hivi inavyoyumba? Akahesabu kwa miezi. Barua yake ilimfikia Johann Galle kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Berlin tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uleule Galle akaelekeza darubini, na sayari ikawepo, chini ya digrii moja kutoka pale Le Verrier alipopataja. Ndiyo Neptuni. Le Verrier alikuwa ameijua kabla hajaiona hata mara moja.

Baadaye akageukia Utaridi, sayari iliyo karibu kuliko zote na Jua. Nayo ilikuwa na kasoro. Ile ncha ya njia yake iliyo karibu na Jua inasogea kidogokidogo, na kila mvutano unaojulikana ukishahesabiwa hubaki ziada. Kwa vipimo vya leo ziada hiyo ni sekunde 43 za pembe kwa karne nzima, yaani kama sehemu moja ya 80 ya digrii katika miaka 100. Le Verrier alifanya kilekile kilichompa Neptuni: mwaka 1859 akabuni sayari, au kundi la vijisayari, kati ya Utaridi na Jua. Daktari mmoja wa kijijini, Lescarbault, akatangaza kwamba ameona doa jeusi likikatiza mbele ya Jua. Le Verrier alimfuata kwao, akamhoji, akaridhika. Sayari ikapewa jina, Vulkani, na watu wengine wakaanza kusema wameiona. Le Verrier alifariki tarehe 23 Septemba 1877, siku ileile ya mwaka ambayo Neptuni ilionekana, akiwa bado anaamini.

Vulkani haipo. Haikuwepo kamwe. Safari hii aliyekosea ni Newton, na aliyelithibitisha hilo ni Einstein. Novemba 1915 alipoipima milinganyo yake mipya kwa Utaridi, zile sekunde 43 zikatoka zenyewe bila ya kubuniwa sayari yoyote. Ile picha ya mtu kuanguka kutoka juu ya paa ikawa imelipa deni la Utaridi.

Tazama vizuri, ndugu yangu. Mtu ni mmoja, njia ya kufikiri ni moja, ujuzi uleule, umakini uleule. Sidhani kama kichwani mwake Vulkani ilikuwa na mwanga hafifu kuliko Neptuni. Kitu cha kweli na kitu cha uongo, vikiwa bado ndani ya akili, vinafanana kabisa, wala hakuna alama iliyobandikwa juu ya picha kukuambia hii ni ya kweli. Alama hiyo inapatikana nje, kwenye darubini na kwenye vipimo, tena wakati mwingine baada ya miaka zaidi ya 50.

Hatari huongezeka kwa sababu picha ikikaa sana akilini huanza kuvaa nguo za maarifa. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwaomba watu wavute picha ya tukio la utotoni ambalo walikuwa wamesema kwamba pengine halikuwatokea, kwa mfano kuvunja kioo cha dirisha kwa mkono. Baada ya dakika chache tu za kuliwaza, baadhi yao waliongeza uhakika kwamba huenda lilitokea. Na mwaka 1515 mchoraji Albrecht Dürer alichonga picha ya kifaru aliyeletwa Lisbon kutoka India. Yeye alikuwa Nuremberg na hakumwona mnyama huyo. Alitumia maelezo na mchoro wa mtu mwingine, na palipokuwa na pengo akabuni. Akamvika mabamba kama ya deraya ya askari, akampa na pembe ndogo ya pili mabegani. Ni kazi nzuri mno, na sehemu yake ni kweli, maana kifaru wa India ana ngozi yenye mikunjo mikubwa inayofanana na mabamba. Lakini ile pembe ya mabegani iliingia vitabuni na kunakiliwa kwa zaidi ya miaka 200, kwa sababu ilichorwa kwa ustadi uleule wa sehemu zilizo za kweli.

Sasa wewe. Umesema kichwa kinakuwa kitupu. Nimefundisha watu wengi waliokuwa na malalamiko hayohayo, na nayachukulia kwa uzito, maana yana ukweli ndani yake. Kujua kunaweza kufunga macho. Mwaka 1942 mwanasaikolojia Abraham Luchins alichapisha jaribio ambalo unaweza kulifanya nyumbani. Unapewa mitungi mitatu ya ujazo tofauti na kuambiwa upime kiasi fulani cha maji. Mafumbo ya mwanzo yote hujibiwa kwa njia moja: jaza mtungi wa kati, toa wa kwanza mara moja, toa wa tatu mara mbili. Kisha linakuja fumbo hili: una mitungi ya 23, 49 na 3, pima 20. Waliozoea njia ile hutoa 23 kwenye 49, kisha 3, kisha 3 tena, wakapata 20. Ni sahihi. Lakini mtu ambaye hakupitia mazoezi yale anaona mara moja kwamba 23 ukitoa 3 ni 20.

Ni nini kilichowafunga wale wa kwanza? Wengi hujibu kwamba ni maarifa mengi. Mimi nasema walikuwa na njia moja tu, waliyopewa ikiwa tayari, ambayo hawakuwahi kuiuliza kwa nini inafaa na itaacha kufaa wapi. Maarifa ya namna hiyo ni mafupi, hata yakiwa mengi kwa kurasa. Mweke mbele ya ubao wa sataranji bingwa wa mchezo huo kwa sekunde tano tu, na atakumbuka mahali pa kete nyingi. Zitawanye kete hovyo bila ya mpangilio wa mchezo, na ubora wake kwa mwanafunzi unakaribia kutoweka. Hili lilionyeshwa na watafiti Chase na Simon mwaka 1973. Bingwa hana kumbukumbu ya ajabu. Anajua mahusiano: nani anamlinda nani, nani anamtishia nani. Ndiyo maana pia anaweza kubuni hatua ambazo mgeni hawezi hata kuziwaza. Nadhani wewe umehifadhi kete, mahusiano yake bado.

Kuna jambo jingine ambalo huenda linakuvunja moyo bure. Watu wakisikia "kubuni" hudhani ni lazima kuona picha kali akilini. Mwanafalsafa Descartes, mwaka 1641, alimwomba msomaji wake afikirie umbo lenye pande 1000. Jaribu. Utaona kitu kinachofanana na duara, wala hutaweza kukitofautisha na umbo la pande 10,000. Hata hivyo unalijua umbo hilo bila shaka yoyote. Unajua kwamba pembe zake za ndani zikijumlishwa zinafikia digrii 179,640, kwa sababu linagawanyika kuwa pembetatu 998, kila moja ya digrii 180. Picha imeshindwa kufika pale, kujua kumefika. Na zile pembetatu 998, ni nani aliyezichora ndani ya umbo hilo? Ulizichora wewe sasa hivi bila ya kuziona. Huko nako ni kubuni.

Kwa hiyo dawa yako si kusoma kidogo. Soma vilevile, ila badilisha mpangilio. Ukifika mahali ambapo kitabu kinakaribia kutoa jibu, funga kitabu. Kisia kwanza. Andika ulichokisia, na chini yake andika ni kitu gani kikionekana kitakufanya ukubali kwamba umekosea. Ndipo ufungue. Mwanzoni utakosea karibu kila mara, na itauma, hasa kwa mtu aliyezoea kufaulu. Nadhani ule utupu unaousikia kwa sehemu kubwa ni woga huo: umefundishwa miaka yote kwamba kusema kitu kabla ya kukijua ni aibu. Mdogo wako hana woga huo, na hapo amekuzidi. Muige.

Yeye naye ana lake, na hilo ni gurudumu.

Naijua michoro ya namna hiyo. Gololi zimo ndani ya vyumba vilivyopinda. Upande wa kulia zinabingirika hadi ukingoni, mbali na mhimili, upande wa kushoto zinarudi karibu na mhimili. Kilicho mbali huzungusha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kulia patashinda daima. Na ukifumba macho linazunguka! Limezunguka hivyo vichwani mwa watu kwa karne nyingi. Walioleta michoro ya mashine za milele walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua haitaikagua tena.

Usimwambie "haiwezekani." Neno hilo litamfanya akuone wewe kuwa ndiye ukuta. Mwambie achore gurudumu lake kwa kipimo, kila gololi mahali pake, kisha ahesabu ngapi ziko kulia na ngapi kushoto. Atakuta za kulia ziko mbali lakini ni chache, za kushoto ziko karibu lakini ni nyingi. Apime umbali wa kila moja kutoka kwenye mstari wima unaopita mhimilini, ajumlishe kila upande. Kama kuna tofauti, alizungushe kidogo, ahesabu upya, na ataona linafika mahali linapotulia. Akilini hakuwahi kuzihesabu zile za kushoto. Akili humwonyesha mtu upande anaoupenda.

Akishalia, mpe hiki. Mwaka 1586 Simon Stevin, mhandisi wa nchi za Flandria (eneo la Ubelgiji ya leo), aliwaza pembetatu iliyosimama kama paa la nyumba, mteremko mmoja mrefu mara mbili ya mwingine. Juu yake akauning'iniza mkufu wa gololi 14 zinazolingana na zilizopeana nafasi sawa: nne zikalala kwenye mteremko mrefu, mbili kwenye mfupi, nane zikaning'inia chini. Hakuna msuguano. Je, mkufu utateleza? Kama ukiteleza, kila gololi itachukua nafasi ya mwenzake na hali itabaki ileile, kwa hiyo utaendelea kuteleza milele. Stevin alijua kwamba hilo halitokei. Basi mkufu umetulia. Zile nane za chini zinavuta sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo zikate, uziondoe. Zimebaki nne upande mmoja na mbili upande wa pili, na bado zimetulia. Hapo ameipata sheria ya mteremko bila ya kugusa hata gololi moja. Gurudumu la mdogo wako, ambalo yeye analiona kuwa jibu, Stevin alilitumia kama jambo lisilowezekana, akalikamua maarifa. Aliipenda picha hiyo kiasi cha kuiweka kwenye jalada la ndani la kitabu chake.

Mchoree mdogo wako mkufu huo bila ya maelezo, umuulize utakwenda upande gani. Mwache nao usiku mmoja. Na wewe, kabla hujampelekea, kisia hili kwa maandishi: mteremko mrefu ukiwa mara tatu ya ule mfupi, na mfupi ukibaki na gololi mbili, ngapi zitahitajika juu ya mrefu ili zitulie? Andika na sababu yako. Kisha kaeni mezani wote wawili, mlinganishe.